Naibu wa Chumba cha Viazi

"KWA HAYA INATANGAZWA kwamba Kompyuta Kuu ya Idara ya Maji, iliyozinduliwa kwa utepe mwekundu na kuchinjiwa kondoo wawili, ndiyo yenye mamlaka ya pekee juu ya zamu zote za maji katika bonde hili, na kwamba mamlaka hayo hayatahamishiwa kompyuta nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile, ila kwa amri ya maandishi ya Mkuu wa Idara, Bwana Orozbay Kalmatovich, iliyogongwa muhuri wa duara."

Tangazo hilo tukufu lilitundikwa juu ya mlango wa ofisi, ndani ya fremu ya kioo. Jumatatu, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, tope lilishuka kutoka mlimani, likaingia ofisini bila kubisha hodi, likachukua mlango, fremu, meza ya Bwana Orozbay, na droo iliyohifadhi muhuri wa duara. Hakuna aliyeumia, maana saa kumi watumishi wote wa Idara huwa wanakunywa chai nyumba ya pili, desturi ambayo Bwana Orozbay alikuwa amepania kuikomesha. Tangazo lenyewe liliokotwa kesho yake, kilomita mbili chini ya bonde, limenasa kwenye pembe za ng'ombe. Ng'ombe hakuonyesha dalili ya kulisoma.

Wakati tope linashuka, Zuurakan, fundi wa kanzidata wa Idara, alikuwa kilomita nne kutoka hapo, shule ya bweni ya kilimani, amekaa juu ya gunia katika chumba cha viazi. Ndimo alimoishi naibu.

Naibu alikuwa kompyuta ya pili, nzee kidogo, yenye feni inayokohoa. Aliwekwa humo miaka mitatu nyuma kwa kuwa shule ina jenereta, na kwa kuwa Bwana Orozbay hakupenda kumwona. Kazi yake ilikuwa moja: kila neno lililoandikwa katika Kompyuta Kuu, yeye alilinakili palepale. Nani ana zamu, lini, saa ngapi, lango gani lifunguke. Alijua kila kitu na hakuruhusiwa kusema lolote, kama kiranja msaidizi.

Sasa feni ilikohoa, na kwenye kioo yakatokea maneno: mkubwa hajibu. Zuurakan akangoja dakika moja, ya pili, ya tano. Halafu simu ikaita, akaambiwa habari ya tope. Akampigia Bwana Orozbay.

"Bwana Orozbay, Kompyuta Kuu imezama. Nampandisha naibu."

"Hupandishi kitu. Ngoja amri."

"Amri iko wapi?"

"Naiandika sasa hivi, nimesimama juu ya paa."

"Na muhuri?"

 Kwa mbali mtu alikuwa anaitisha ndoo.

"Muhuri," alisema Bwana Orozbay kwa heshima zote, "unatafutwa."

"Malango yanauliza kila mara yamfungulie nani. Yasipojibiwa yatabaki kama yalivyo. Wengine watafurika, wengine watakauka."

"Zuurakan! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, baike," akasema. Kwa kawaida alimwita kwa jina lake na la baba yake, kama barua zinavyotaka. Leo alimwita kaka, kama mtu anavyomwita jirani aliyemzibia njia. "Maji ni ya watu."

Akakata simu. 

Lakini Zuurakan hakuwa mtu wa kubonyeza kwa hasira. Kabla ya kumpandisha naibu cheo, sharti ujue kama amelisikia neno la mwisho la mkubwa wake, ama sivyo utamkabidhi bonde mtu aliyekosa nusu ya mazungumzo. Kila kijiji kina murab wake, mgawa maji, naye ndiye huandika zamu katika kompyuta. Zuurakan akampigia Mamasaly, murab wa Uch-Oruk, kijiji cha juu.

"Baike, neno lako la mwisho kabla ya tope lilikuwa nini?"

"Nusu saa kwa bustani ya shule. Saa kumi na dakika tisa."

Lilikuwepo. Akampigia Burul, murab wa Kum-Aryk, kijiji cha chini, mama wa miaka hamsini mwenye sauti isiyohitaji simu.

"Eje, dada yangu, wewe je, uliandika nini mwisho?"

"Malalamiko."

"Ya nini?"

"Kwamba watu wa juu wanaiba maji! Unauliza kama mgeni?"

"Yapo, eje. La leo, na mengine yote mia moja na kumi."

"Basi kompyuta hiyo ni nzima," alisema Burul. "Ipandishe."

Zuurakan akaipandisha. Feni ikakohoa mara mbili. Malango yalipouliza tena, yalijibiwa kutoka chumba cha viazi, na kuanzia hapo bonde zima lilipata maji kwa zamu yake bila kujua kwamba limetawaliwa bila muhuri.

Jumanne asubuhi Mamasaly alipanda mlima mwenyewe, kofia yake nyeupe ya sufu ikiwa na tope hadi ukingoni.

"Mfereji wetu umejaa tope mpaka juu," alisema. "Kuuchimba ni wiki nzima. Na Alhamisi saa nne asubuhi ni zamu yetu. Maji yakiletwa yataruka kingo, yaingie majumbani. Nyumba ya kwanza ni yangu, na chumba cha kwanza ni jiko la mke wangu."

"Unataka nifanye nini, baike?"

Mamasaly aliokota kiazi, akakirudisha guniani. Kusema alichotaka kusema kulimuuma kama jino.

"Wape Kum-Aryk."

Burul, aliyekuwa kwenye simu, alinyamaza kwa mara ya kwanza katika historia ya bonde. Kisha: "Andika! Andika upesi, kabla hajapona!"

Ikaandikwa: Alhamisi saa nne, maji ya Uch-Oruk yaende Kum-Aryk, nao watayarudisha baadaye. Usidhani ilikuwa hisani ndogo. Kum-Aryk walikuwa wamehamishia miche ya vitunguu shambani siku tisa zilizopita, zamu yao ya Jumatatu ikamezwa na tope, na zamu nyingine ilikuwa mbali siku kumi na mbili. Mche wa kitunguu katika jua la Juni hauwezi kungoja siku kumi na mbili. Maji ya Alhamisi yakipotea, kijiji kizima kingekuwa kimepanda nyuzi za kahawia.

Jumatano watu wakaitana ashar, kazi ya pamoja isiyo na malipo ila pilau. Wa juu walikuja, wa chini walikuja, na shule ya bweni ikaleta wanafunzi wake, vijana wenye nidhamu ya kupigiwa mfano katika mkoa mzima. Sufuria kubwa ikatengwa, koleo zikaanza kulia, na kufikia saa nne wakaifikia kabati ya ofisi. Tope lilikuwa limeishia kiunoni mwa kabati. Kwenye rafu ya juu, imelowa lakini haijavunjika, ilikaa Kompyuta Kuu.

Ni nani anayeona mtu amezama akamwacha? Waliinyanyua wanaume wanne. Wanawake wakaifuta ndani na nje kwa vitambaa safi. Ikaviringishwa zulia la sufu na kuwekwa karibu na tanuri la mikate, si karibu sana. Bi harusi mmoja alitoa mashine yake ya kukausha nywele, zawadi ya mahari, akaipuliza saa mbili bila kupumzika. Mchomelea vyuma akabadilisha kile kisanduku cha umeme kilichoungua. Alasiri wakaiweka jukwaani katika ukumbi wa utamaduni, wakaichomeka umeme, wakaiunganisha na waya wa mtandao uendao kwenye malango, nayo ikawaka. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akairushia peremende kichwani, kama bi harusi anapoingia kwa mumewe.

Walifanya kila lililo jema isipokuwa kumuuliza Zuurakan.

Maana kompyuta ile ilifufuka bila kujua kuwa ilikufa. Saa yake ilihesabu siku vizuri, lakini kwa kumbukumbu zake bado ilikuwa Jumatatu saa kumi na dakika kumi na mbili. Haikuwa na habari ya tope, wala ya mfereji ulioziba, wala ya Mamasaly na jino lake. Ilijua jambo moja tu: mimi ndiye mkubwa. Na malango, kama wajukuu waliolelewa vizuri, yalikuwa yamefundishwa kumuuliza mkubwa kwanza, na naibu pale tu mkubwa asipojibu.

Katika chumba cha viazi Zuurakan aliona kioo kikimwambia kwamba bonde lina wakubwa wawili. Mafahali wawili, zizi moja. Alikimbia kilomita zote nne, akafika ukumbini ana kiatu kimoja cha rangi yake na kimoja cha rangi ya tope.

"Izimeni!" alisema mlangoni.

Watu walimtazama kama aliyesema mtoto mchanga atupwe.

Bwana Orozbay alisimama karibu na jukwaa, amevaa suti iliyokauka vibaya. "Zuurakan! Umekuja kushangilia. Kesho saa nne kasoro robo tunaizindua upya, utepe umeshanunuliwa. Naye naibu wako arudi kwenye unakili wake kama zamani."

"Akinakili kutoka hii, siku mbili zinafutika. Zamu zote walizobadilishana zinafutika."

"Siku mbili bila muhuri si siku."

"Jua lilichomoza mara mbili, Bwana Orozbay."

"Bila idhini yangu."

Mamasaly alivua kofia. "Bwana mkubwa, sisi tuliiokoa kwa heshima, hatukujua. Kesho saa nne itanifungulia mimi. Maji yataingia jikoni kwangu."

"Lete ombi lenye muhuri."

"Muhuri uko wapi?"

"Unatafutwa!"

Zuurakan aliomba, akaeleza, akachora hata kwa kidole kwenye vumbi la jukwaa: hapa mkubwa, hapa naibu, hapa malango. Bwana Orozbay akaufuta mchoro kwa kiatu. Akaweka walinzi wawili mlangoni, wamruhusu kila mtu isipokuwa yeye. Basi Zuurakan alirudi kilimani, akabadilisha nenosiri la naibu ili asiwepo mtu wa kumlazimisha kunakili ujinga, akalala juu ya magunia akijua kwamba akiamka, kazi yake itakuwa imekwisha au vitunguu vitakuwa vimekwisha, na akachagua.

Alhamisi saa tatu na nusu alikuwa kwenye mgao, kilomita sita kutoka ukumbini, pale mto unapogawanyika kwa malango mawili ya chuma, la Uch-Oruk na la Kum-Aryk. Zamani malango hayo yalizungushwa kwa mkono. Lakini siku ya uzinduzi Bwana Orozbay alitangaza kuwa zama za mkono zimekwisha, na mikono yote ya chuma ikauzwa kama chuma chakavu. Zuurakan aliwahi kumwambia abakishe hata mmoja. Akaambiwa hana imani na kesho.

Akapanda juu ya lango la Uch-Oruk, akakaa, miguu ikining'inia juu ya maji.

Burul alifika akihema, na wanawake wawili wa Kum-Aryk nyuma yake. "Unafanya nini huko juu, mtoto wee?"

"Nimekaa, eje."

"Mota hiyo inainua tani mbili."

"Najua. Niliifunga mimi."

"Itakuinua kama mto wa manyoya."

"Basi itaniinua. Waje waone vizuri nani anafunguliwa maji hapa."

Burul alimtazama, akatazama lango, akapandisha sketi. "Sogea. Nina kilo tisini na tano, nilikuwa nangoja siku zitakapopata kazi."

Wakakaa wanne kama kuku kwenye uzio. Mamasaly alikuwa kwenye ukingo wa mfereji wake na nusu ya kijiji chake, wana magunia ya mchanga, wanamwangalia mwanamke wa Kum-Aryk akilikalia lango la Uch-Oruk, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaka kumshusha.

Saa nne kasoro dakika saba simu iliita.

"Nimeambiwa umelikalia lango la serikali," alisema Bwana Orozbay. Nyuma yake ulisikika mwangwi wa ukumbi na vikohozi vya watu waliopangwa safu. "Shuka."

"Zima hiyo, nitashuka."

"Nina mkasi mkononi, Zuurakan. Nina wageni. Nina wanafunzi sitini wa kupiga makofi. Shuka!"

"Naibu hashuki, na mimi sishuki."

"Unajua mota haina macho?"

"Wewe unayo. Sikiliza, baike. Miaka sita nimekuandikia taarifa, na wewe unagonga muhuri bila kusoma. Hii nitakusomea mwenyewe. Saa nne likifunguka lango hili, litafunguka na mimi juu yake, na Burul eje, na mama wawili wenye wajukuu. Chini yetu maji yataenda kuharibu nyumba ambazo hazijafanya kosa. Kule vitunguu vya watu vitakufa. Ukiulizwa kwa nini, utasema: kwa sababu kompyuta ilidhani ni Jumatatu, na mimi nilijua ni Alhamisi. Kata utepe wako sasa."

"Nitakata!" alipiga kelele Bwana Orozbay. "Nitakata utepe, nitakata mshahara wako, nitakata..."

Hapo sauti yake ikakatika yenyewe. Ukasikika mvumo, kama wa darasa mwalimu anapojikwaa. Mtu alisema, "Imezimika!" Mwingine akasema, "Nani amegusa?" Halafu simu ikafa.

Zuurakan hakuthubutu kupumua. Kwenye kisanduku cha mota taa ya kijani iligeuka nyekundu. Lango lilikuwa linamuuliza mkubwa. Mkubwa hajibu. Linamuuliza tena. Dakika moja ilikuwa imebaki, na Burul alikuwa anasoma dua kwa sauti ambayo bila shaka ilifika.

Taa ikarudi kijani.

Saa nne kamili mota ikanguruma. Zuurakan alifumba macho. Chuma kililia, kikatetemeka, lakini hakikutetemeka chini yake. Alipofumbua, lango la Kum-Aryk lilikuwa linapanda taratibu, likimwaga maji ya rangi ya chai kwenye mfereji mkavu, na wanawake wa chini walikuwa wanakimbia kandokando ya maji kwenda nayo shambani.

"Naam!" alinguruma Burul, machozi yanamtoka. "Iba sasa, Mamasaly! Iba tukuone!"

"Nimewapa mwenyewe, mama!"

"Ndiyo, na bado nitaandika malalamiko!"

Hawakuwa wamemaliza kushuka pale lori la shule lilipokuja kwa kasi, Bwana Orozbay mbele na safu nzima ya wanafunzi nyuma. Aliruka chini na mkasi bado mkononi.

"Nani amechomoa waya?"

"Mimi," alisema Zuurakan.

"Wewe! Ulikuwa hapa umekaa kama bata, unanitukana kwa simu! Mkono wako una urefu wa kilomita sita?"

"Andika mimi. Umeuliza nani ameizima, na tangu jana ni mimi nasema izimwe. Andika jina langu kwa herufi kubwa."

"Nitaandika. Na kazi basi. Na mahakamani basi, kwa kuharibu mali ya umma."

"Mali ya umma hiyo inapita," alisema Zuurakan, akaonyesha mfereji. Lakini midomo yake ilikuwa myeupe. Hakuwa na kazi nyingine, na bonde hilo halikuwa na kanzidata nyingine.

Hapa ndipo msimulizi alipanga kufunga hadithi. Ingetosha kusema kwamba waya ulichomoka, kwamba historia haimjui aliyeuchomoa, na kwamba wanafunzi wa bweni walisimama kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Lakini Bwana Orozbay si mjinga kama nilivyomchora. Aligeuka akalitazama lori.

"Ukumbini," alisema polepole, "ni nani alisimama nyuma yangu, kwenye soketi?"

Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Kisha, kwa mshikamano niliokuwa nauamini mpaka sekunde hiyo, wote wakamtazama mtu mmoja.

Haya. Nimeshikwa.

Niliruka kutoka kwenye lori, tope likanifika magotini. "Ni mimi, Bwana Orozbay. Bektur, darasa la kumi B. Zuurakan eje hakujua. Hata jina langu halijui, ingawa namwibia viazi."

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme yote. Sikuwaza vitunguu. Nilijipanga kwenye soketi tangu asubuhi, na nia yangu ilikuwa kuizima pale mkasi ungegusa utepe, wageni wacheke, tupate hadithi ya bwenini. Ndiyo shabaha yote. Lakini simu yake inapaza sauti, nami nilikuwa nyuma ya sikio lake. Nilimsikia eje akisema lango litafunguka na yeye juu yake. Mkono ukaenda wenyewe kabla ya utepe. Nikauchomoa waya ukutani na kwenye kompyuta pia, nikaufunga kiunoni chini ya koti, maana niliogopa wangeuchomeka tena kabla ya saa nne.

"Unajuta?" aliuliza Bwana Orozbay.

Nilitazama maji. Yalikuwa yameshapita mkunjo wa kwanza.

"Ninajuta, bwana. Ilikuwa bora ningoje ukate utepe. Ingependeza zaidi."

Akanyoosha mkono, mweupe kwa hasira. "Lete waya."

Nikaufungua kiunoni, mrefu, mweusi, wenye joto la tumbo langu, nikampa Zuurakan eje.